Swali Lisilo na Njia

Mpwa wangu alinisukumia simu yake huku kakunja uso. Alikuwa akicheza chemsha bongo ya mtandaoni, ule mchezo unaomkutanisha mtu na mpinzani wa nchi yoyote ile, na swali lilikuwa limeuliza mji mkuu wa Burundi. Yeye kajibu Gitega. Simu ikamwekea alama nyekundu na kumwambia kwamba jibu sahihi ni Bujumbura.

"Mjomba, hebu ona," akasema, "hata huyu mwenzangu kakosa, na bendera yake ni ya Burundi."

Kweli kabisa. Serikali ya Burundi ilitangaza mwishoni mwa 2018 kwamba mji mkuu wa kisiasa unahamia Gitega, bunge likaridhia mwanzoni mwa 2019, na Bujumbura ikabaki kuwa mji mkuu wa kibiashara. Kwa hiyo Mrundi yule alinyimwa pointi kwa kosa la kuujua mji mkuu wa nchi yake. Mpwa wangu aliona ni upuuzi wa programu tu, akaenda kwenye swali lililofuata. Mimi nilibaki pale pale. Sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimetunga maswali ya chemsha bongo na kuyaamulia, maofisini na mashuleni, mbele ya watu wa mataifa mbalimbali, na alama ile nyekundu niliifahamu tangu ilipokuwa ya chaki.

Ilikuwa Tanga, katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya msingi yenye madawati machache na watoto wengi. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa kilikuwa cha chemsha bongo. Mwalimu aligawa darasa pande mbili, akasimama mbele na kitabu kilichokwisha kupoteza jalada, na kila pointi akaichora mstari ubaoni. Miji mikuu tulikuwa tumeikariri hadi tukaiota: Lomé, Niamey, Nouakchott. Iko upande gani wa ramani hatukujua, ila kuitaja tuliitaja bila kukwama.

Siku moja akauliza Ouagadougou ni mji mkuu wa nchi gani. Akanyoosha mkono kijana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa mvuvi, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji. "Burkina Faso, mwalimu." Darasa likaangua kicheko, maana jina hilo lilikuwa halijapata kusikika chumbani mle. Mwalimu akatazama kitabu, akamtazama kijana, akasema jibu ni Upper Volta. Pointi ikaja upande wetu, nasi tukashangilia.

Kijana alikuwa sahihi. Serikali ya Thomas Sankara ilikuwa imebadilisha jina la nchi Agosti 1984, na habari ile aliisikia jioni barazani kwao, wazee wanapokusanyika kuizunguka redio ya betri kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mwalimu simlaumu sana. Alitumia alichokuwa nacho, na vitabu vipya enzi zile vilikuja kwa nadra. Lakini Ijumaa iliyofuata mkono wa yule kijana haukunyooshwa, wala ile iliyofuata.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema swali baya ni swali gumu. Swali gumu halimwonei mtu. Ukilikosa umelikosa, unacheka, unaendelea. Swali linaloonea ni lile linalomwadhibu anayejua zaidi ya mtunzi. Na maswali ya namna hiyo huzaliwa kwa wepesi mno, kwa sababu kila swali lina tarehe hata kama haikuandikwa. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Astana, 2019 ukaitwa Nur-Sultan, 2022 ukarudi kuwa Astana. Orodha ya maswali iliyoandikwa katikati hapo na kuachwa bila kuguswa inawakosesha watu hadi leo. Sisi wenyewe tumeishi na jambo hilo muda mrefu. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa 1973, sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi ikapita 2018, na katika miaka yote ile ya katikati mtoto wa Kitanzania alijua kwamba jibu la swali hili linategemea anayeuliza ni nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikwenda Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kusoma shahada ya pili. Jirani na bweni letu palikuwa na baa iliyofanya chemsha bongo kila Jumanne usiku. Waingereza wanaipenda desturi hii kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Kuna meza sita au saba, karatasi na penseli, mtu mmoja mwenye maikrofoni inayokwaruza, na watu wazima wananong'onezana majibu ili meza ya jirani isisikie. Nilikuwa nakunywa soda yangu, nikachukuliwa na timu iliyopungukiwa mtu. Walifurahi sana, kwa kuwa, kama alivyosema mmoja wao, sasa walikuwa na mtu wa jiografia.

Jiografia haikuja. Yalikuja maswali ya Coronation Street, tamthilia ya televisheni inayoonyeshwa huko tangu 1960. Ukaja wimbo ulioongoza chati wiki ya Krismasi ya mwaka fulani, kisha tangazo la biskuti ambalo kila mtu pale, isipokuwa mimi, alilitazama akiwa mtoto. Nikabaki kuhesabu vipande vya barafu kwenye bilauri.

Halafu mwenye maikrofoni akauliza: vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa wapi, na vilidumu dakika ngapi? Wenzangu hawakuhitaji msaada. Aliyeshika penseli, fundi bomba kwa kazi yake, aliandika bila kufikiri: Zanzibar, dakika 38. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama si kwetu huko.

Vita hivyo nilivijua, ila sikuvijua kwa dakika. Nilimjua Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kasri Agosti 1896 baada ya kifo cha ghafla cha Sultani Hamad bin Thuwaini. Nilijua kwamba Waingereza walimpa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kuondoka, kwamba alikataa, na kwamba manowari zilizokuwa zimetia nanga mbele ya mji zikaanza kufyatua. Watu wapatao mia tano wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata huko 1916 na kumpeleka uhamishoni, na mwisho akafia Mombasa 1927. Yote haya fundi bomba hakuyajua, wala hakudai kuyajua. Alijua 38, na 38 ndiyo iliyokuwa na pointi. Tena hiyo 38 yenyewe ina mgogoro, kwani wako wanaohesabu dakika 40 na wako wanaofikisha 45, ikitegemea saa waliyoanzia na saa waliyomalizia.

Jibu liliposomwa, ukumbi ulicheka. Hawakuwa watu wabaya. Dakika 38 ni namba ya kuchekesha ukikutana nayo peke yake, imetengwa na maiti zake. Timu yetu ilipata pointi mbili, na mimi nikapigwa mgongoni kwa pongezi nisizozistahili.

Usiku ule nilianza kuona kwamba kuna maarifa yanayoishi ndani ya chemsha bongo tu. Mtunzi mmoja huyatoa kwa mwingine, yule kwa wa tatu, hadi yanakuwa mali ya wachezaji. Katika ulimwengu wao Zanzibar ina mambo mawili: vita vya dakika 38, na Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara katika familia ya Waparsi. Ukiyajua hayo umeijua Zanzibar. Mzee wa Mkunazini anayekumbuka nani aliishi nyumba ipi toka enzi za Sultani Khalifa anaweza asijue lolote kati ya hayo mawili, akaonekana hana maarifa ya jumla kuhusu mtaa wake mwenyewe. Kwa hiyo huwa napata mashaka mtunzi wa ng'ambo anaponiambia kwa fahari kwamba safari hii katia maswali matano ya Afrika ili mchezo uwe wa kimataifa. Swali linaweza kuwa linahusu Afrika na bado likawa limetungwa kwa ajili ya fundi bomba wa Leeds.

Je, chemsha bongo ya baa ile ilikuwa ya kuonea? Hapana, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Bibi yangu alipotega kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, tulijibu yai kabla hajamaliza, kwa sababu tulishalisikia. Mgeni angesumbuka, angetoa mji, na mji wenyewe asingejua kwa nini anautoa. Hakuna aliyemwona bibi ni dhalimu. Alikuwa akiwatega wajukuu zake, na watu wa baa wakitegana wao kwa wao. Dhuluma inaanza pale orodha ile ile inapobandikwa kichwa cha habari kinachosema dunia nzima.

Niliporudi nyumbani nilipata kazi Arusha, katika ofisi yenye watumishi wa kutoka karibu kila upande wa dunia. Ijumaa moja kila mwezi, baada ya kazi, palikuwa na chemsha bongo, na idara zilipokezana kutunga. Sijapata kuwa na shule nzuri kuliko ile. Kila swali lililoonekana halina ubishi lilimpata mbishi wake, naye kwa kawaida alikuja na ushahidi.

Akina nani waliruka kwanza kwa ndege yenye injini? Mtunzi aliandika ndugu Wright, 1903. Mhasibu mmoja wa Kibrazili akasimama kabla ya chupa yake ya soda kutulia mezani. Kwao, alisema, hata mtoto wa chekechea anajua ni Alberto Santos-Dumont, aliyeruka Paris 1906 mbele ya umati wa watu, kwa ndege iliyojiinua yenyewe kwa magurudumu yake. Hao ndugu wa Marekani waliondokea kwenye reli, ufukweni, na mashahidi wachache. Mmarekani wa idara ya ugavi akamjibu. Tulikaa nusu saa. Chakula kikapoa.

Mwezi uliofuata yakaja mabara. Dunia ina mabara mangapi? Sisi tuliofundishwa kwa mapokeo ya Kiingereza tuliandika saba tukatulia. Yule Mbrazili aliandika sita, kwa kuwa kwao Amerika ni bara moja, kuanzia Kanada hadi ncha ya Argentina. Mrusi mmoja naye aliandika sita. Walipeana mikono kwa furaha mpaka walipoanza kuyataja, ikabainika kwamba sita zao si zile zile: Mrusi alikuwa na Amerika mbili, lakini Ulaya na Asia kaziunganisha. Mtu mwingine akakumbusha kwamba bendera ya Olimpiki ina pete tano. Msoma maswali, dada mpole wa Kikenya, alikusanya karatasi zake akasema, "Jamani, mimi nasoma tu kilichoandikwa."

Na uchapaji je? Ukiuliza nani aligundua herufi za chuma za kuchapia, utaambiwa Gutenberg. Wakorea wana kitabu kiitwacho Jikji, kilichochapwa kwa herufi za chuma 1377, miaka zaidi ya sabini kabla ya Biblia ya Gutenberg, na nakala yake iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris.

Nilichojifunza hapo ni cha kiufundi, nacho nakifuata mpaka sasa. Maneno "wa kwanza", "kubwa kuliko vyote", "mrefu kuliko yote" ndiyo yanayoleta vurugu, na karibu kila mara yanaweza kuondolewa swali likabaki. Uliza ni ndugu gani wawili waliorusha ndege yao yenye injini Kitty Hawk, North Carolina, Desemba 1903. Mbrazili atajibu, Mmarekani atajibu, na hakuna atakayetakiwa aitupe historia ya kwao. Uliza ni raia wa nchi gani aliyeruka Paris 1906 kwa ndege iliyoitwa 14-bis. Swali lenye mahali na tarehe linampa mtu pa kushika. Swali la "wa kwanza" linamtaka mtu akubali kwanza kitabu cha mtunzi ndipo ajibu.

Liko jambo jingine la Arusha ambalo si la kiufundi. Idara moja iliuliza mauaji ya kimbari ya Rwanda yalichukua siku ngapi, wakatoa machaguo manne. Majibu yote manne yalikuwa namba tupu. Mwenzetu mmoja aliweka kalamu chini, akachukua koti lake, akatoka, na hakuwahi kurudi kwenye Ijumaa zile. Mtunzi alijitetea kwamba ni historia, na historia huulizwa. Ni kweli huulizwa, darasani, na mtu aliyejiandaa kuizungumza. Katikati ya karanga na mishikaki, kati ya swali la filamu na swali la mpira, jambo lile lile linageuka kuwa namba ya kukisia. Nilikumbuka kicheko cha Leeds. Tangu hapo nikitunga swali lenye vifo ndani yake najiuliza kama naweza kulisoma kwa sauti nikiwa namtazama mtu wa mahali pale usoni. Mara nyingi siwezi, na swali linaondoka.

Baadaye niliombwa kuwa mwamuzi katika mashindano ya shule za sekondari za nchi za Afrika Mashariki. Maswali yalitungwa na kamati, mimi kazi yangu ilikuwa kuketi mbele na kuamua mabishano. Raundi ya pili likasomwa: chanzo cha Mto Nile kiko nchi gani?

Timu ya Uganda ilibonyeza kengele na kusema Uganda. Karatasi ilisema Uganda. Pale Jinja ndipo John Hanning Speke aliposimama 1862 akaona maji yakitoka Ziwa Victoria, na mtalii anayefika hapo anaonyeshwa mahali penyewe. Kabla pointi haijaandikwa, binti wa Rwanda alinyoosha mkono kwa adabu, akasema kwamba ziwa si chanzo, kwani ziwa nalo linalishwa na mito, na ukiufuata Mto Kagera nyuma kabisa utaingia msitu wa Nyungwe. Hajaketi sawasawa, kijana wa Burundi akasimama: "Mheshimiwa mwamuzi, sisi chanzo chetu kina piramidi." Watu walicheka, lakini piramidi ipo, Rutovu, kusini mwa Burundi, iliyojengwa 1938 kwenye kilima ambacho Mjerumani Burkhart Waldecker alikitambua kuwa ndiko kijito cha kusini kuliko vyote vya Nile kinakoanzia.

Watatu wale wote walikuwa na hoja, na kila mmoja alikuwa amefundishwa hoja yake darasani na mwalimu anayelipwa na serikali. Kukubali majibu yote matatu kungekuwa kurahisisha mambo, maana basi hata aliyebahatisha angepata. Kubaki na la karatasi kungekuwa kuwaambia watoto wa nchi mbili kwamba walimu wao ni waongo. Nililifuta swali lenyewe. Mwalimu wa timu ya Uganda alinifuata wakati wa chai, uso umemvimba. "Mzee, sisi tumejibu kilichoulizwa, na tumepata. Kwa nini tunyang'anywe?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu kwa upande wake alikuwa na haki. Swali bovu likishasomwa halina uamuzi mzuri. Lazima mtu aumie, na mwamuzi anachagua nani tu.

Tulilolisoma badala yake liliuliza mito miwili inayokutana Khartoum. Nile Nyeupe na Nile ya Bluu. Tazama linavyofikika: Mganda anaujua wa kwanza kwa kuwa unapita kwao, mwenye kusoma habari za Ethiopia anaujua wa pili kwa sababu ya Ziwa Tana na lile bwawa kubwa, na asiyejua lolote kati ya hayo anaweza kuwa aliiona ramani. Haikuwa lazima mtu awe wa nchi fulani.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na swali la ziwa lililo kati ya Tanzania, Malawi na Msumbiji. Karatasi ilisema Ziwa Malawi. Watoto wa Tanzania wakasema Nyasa. Hilo halikuchukua hata dakika. Mahali panaweza kuwa na majina mawili, na karatasi ya mwamuzi inatakiwa iyabebe yote. Lakini mtu mmoja kwenye kamati alikuwa ameandaa swali la nyongeza, kwamba sehemu kubwa ya ziwa hilo ni ya nchi gani. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaopitisha mpaka ufukweni. Tanzania inashikilia kwamba mpaka uko katikati ya maji. Serikali mbili hazijalimaliza, na sisi tulitaka watoto wa kidato cha tatu walimalize kwa sekunde kumi! Karatasi ile niliikunja nikaitia mfukoni.

Watu huniuliza kama basi nakwepa kila kitu chenye ladha. Sikwepi. Maswali ninayoyapenda ni magumu, ila mtu anaweza kuyaendea kwa miguu yake. Mfano wake ni huu: nchi moja ya Afrika ina ikweta katika jina lake, lakini ikweta haikanyagi ardhi yake, ni ipi? Niliwahi kulitoa kwenye meza ya watu wa nchi nane. Wakaanza kuhesabu ikweta inapita wapi, Gabon, Kongo zote mbili, Uganda, Kenya, Somalia, mtu akachora bara la Afrika juu ya karatasi ya kufutia mikono, na baada ya muda mmoja akapiga kelele: Guinea ya Ikweta! Bara lake liko kaskazini ya mstari, kisiwa chake cha Annobón kiko kusini, na mstari wenyewe unapita baharini. Meza nyingine tatu zilikosa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu jina la nchi walilijua wote.

Njia nyingine ni ngazi, mbinu ambayo mashindano ya vyuo vya Marekani yameitumia muda mrefu. Badala ya kuuliza kwa ukavu nani alipata Nobel ya Fasihi 2021, unaanza mbali: mwandishi huyu alizaliwa Zanzibar 1948, alikwenda Uingereza akiwa kijana, baada ya Mapinduzi, riwaya yake Paradise iliingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker 1994, na imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent. Nobel unaiweka mwisho. Mzanzibari atabonyeza mapema, msomaji wa riwaya za Kiingereza katikati, na anayefuata habari za dunia mwishoni, na wote watakuwa wamemtaja Abdulrazak Gurnah. Kila mmoja kaingilia mlango wake.

Wengine hukimbilia sayansi wakidhani haina upande. Ina nafuu, sikatai, lakini nimeona swali la watoto likiuliza msimu gani hufuata kiangazi, jibu likiwa ule wa majani kupukutika. Mtoto wa Tanga, mwenye masika na vuli, kaskazi na kusi, atalijibu kwa kukariri nchi ya watu. Na maji huchemka kwa nyuzi 100 au 212, ikitegemea kipimajoto cha nani.

Jambo ambalo sijalipatia dawa ni muda. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, timu za Goma na Bukavu zimekuwa zikija kwenye mashindano tunayoyaandaa, vijana waliosomeshwa kwa Kifaransa, Kiswahili chao kizuri cha kwao, Kiingereza cha kujikongoja. Maswali yalikuwa yakisomwa kwa Kiingereza. Niliona kwa macho kijana wa Bukavu akijua jibu, midomo yake ikitembea, anasubiri maana ya neno moja imfikie, na kengele ya timu ya Nairobi ikilia kabla. Kwenye karatasi timu yake ilionekana dhaifu.

Sasa swali linawekwa ukutani kwa lugha zote tatu kwa wakati mmoja, na kengele zimefungwa hadi mistari yote ionekane. Jibu linapokelewa kwa lugha yoyote. Mwamuzi ana orodha yenye Misri, Egypt na Égypte. Nilipendekeza sekunde ishirini za kufikiri, vijana wanaoendesha mitambo wakasema mchezo utapoa na watazamaji watalala, tukaishia kumi na tano. Wenye vidole vyepesi wananung'unika kwamba tumewaondolea silaha yao. Mwaka jana walionung'unika zaidi ya wote ni wale walioshinda.